Betri Milioni 46

Tarehe 14 Agosti 2007 kampuni ya Nokia ilitangaza kwamba betri zake milioni 46 zilikuwa na hitilafu: zingeweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Zilikuwa betri za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006. Kwa mujibu wa Nokia, matukio yaliyokuwa yameripotiwa duniani kote yalikuwa yapata 100. Maelekezo kwa wateja yalikuwa mafupi. Fungua mfuniko wa nyuma, toa betri, soma namba zilizoandikwa juu yake. Kama betri yako imo katika kundi lile, utapewa nyingine bure. Simu yenyewe endelea nayo.

Miaka tisa baadaye Samsung ilipatwa na balaa la jamii hiyohiyo. Galaxy Note 7 iliingia sokoni Agosti 2016, na haukupita muda baadhi zikaanza kushika moto. Mwanzoni mwa Septemba kampuni ilitangaza kuzirudisha simu milioni 2.5. Zile walizopewa wateja badala yake, nazo zikawaka. Oktoba 11 uzalishaji ulisimamishwa moja kwa moja, na siku chache baadaye Marekani ikapiga marufuku kupanda nayo ndege. Januari 2017 kampuni ilieleza matokeo ya uchunguzi wake: kosa lilikuwa kwenye betri. Lakini betri ya Note 7 ilikuwa imefungiwa ndani kwa gundi. Mteja asingeweza kuitoa, kwa hiyo simu nzima, yenye kioo kizima, kamera nzima na bodi nzima, ilikwenda na betri yake.

Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu kila unapozuka mjadala kama simu zetu zinafaa kutengenezeka na kuongezwa uwezo na mtumiaji mwenyewe, hatakosekana mtu wa kusema, kwa sauti ya aliyekwisha kufunga kikao, kwamba teknolojia imesonga mbele. Ukitaka simu nyembamba isiyoingia maji, anasema, kubali kwamba haifunguki. Nimekuwa nikiisoma historia hii kwa muda, na sijaona mahali ambapo teknolojia ilitoa amri hiyo. Ninachoona ni watu wakiamua. Na naona kwamba maamuzi ya namna hiyo yamewahi kutenguliwa, zaidi ya mara moja.

Kwa wengi wetu BL-5C si namba ngeni. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Nokia 1100, kitochi chenyewe, kilichotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250. Waliokibuni waliwalenga watu wa nchi kama zetu. Kibao cha namba kilifunikwa kwa mpira mmoja usiopitisha vumbi, ubavu wake haukuteleza hata mkono ukiwa na jasho, na juu kabisa palikuwa na tochi, kwa sababu umeme hukatika. Ndani kulikuwa na skrubu za aina moja, bisibisi moja ikatosha. Betri haikuhitaji hata hiyo bisibisi.

Bibi yangu, kule Muheza, alikuwa na betri moja iliyofanya kazi mbili. Mchana ilikaa kwenye simu. Saa mbili usiku aliitoa akaitia kwenye redio ndogo ya Kichina ili asikilize taarifa ya habari, maana watengenezaji wengi wa redio na tochi za bei rahisi walikuwa wameichukua BL-5C kama kipimo chao. Ukimpigia saa hiyo, hapatikani. Betri ilipochoka, alinunua nyingine gengeni pamoja na chumvi na kiberiti. Ilipoisha chaji na umeme haupo, mjukuu alitumwa nayo kwa jirani mwenye sola, akaibana kwenye ile chaja yenye taa za rangi, simu ikabaki nyumbani. Hakuna kati yetu aliyeuita mpango huo haki ya kutengeneza. Tuliuona wa kawaida tu.

Mwaka uleule wa 2007 ulikuwa na mambo mengine mawili. Mwezi Machi Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Kisha tarehe 29 Juni iPhone ya kwanza iliingia madukani Marekani, ikiwa na betri ambayo mteja hakuweza kuitoa kwa mkono. Ndani ya miezi sita, pesa ziliingia ndani ya simu, na simu yenyewe ikaanza kufungwa.

M-Pesa iliweza kusambaa kwa sababu ilijengwa juu ya laini. Ilifanya kazi kwenye simu yoyote ya bei nafuu, na simu ikifa ulichomoa laini ukaitia kwenye simu ya jirani, ukazikuta pesa zako. Hilo nalo lilikuwa zao la uamuzi wa zamani zaidi. Wahandisi wa Ulaya walioandaa mfumo wa GSM walimtenga mteja na kifaa: mteja akawa kadi, kifaa kikawa kifaa. Marekani, kwenye mitandao iliyotumia mfumo wa CDMA, simu nyingi hazikuwa na kadi kabisa; namba ya mteja ilisajiliwa ndani ya simu. Kuhama simu kulihitaji ruhusa ya mtandao. Sisi tulirithi mfumo unaofunguka, tukajenga benki juu yake.

Tamaa ya kufunga kifaa haikuanza na simu za kisasa. Mwaka 1888 George Eastman aliuza kamera ya kwanza yenye jina la Kodak kwa dola 25. Ilikuja ikiwa na filamu ya picha 100 ndani. Ukizimaliza, hufungui kitu: unaituma kamera nzima kwa posta hadi Rochester, New York, pamoja na dola 10. Kiwandani wanatoa filamu, wanasafisha picha, wanatia filamu mpya, wanakurudishia. Kwa wengi ilikuwa nafuu kubwa, kwani kabla yake mpiga picha alilazimika kuwa nusu mkemia. Lakini kamera ya kutumwa Rochester kila baada ya picha 100 haiwezi kuwa kamera ya kila mtu. Mwaka 1900 kampuni hiyohiyo ilitoa Brownie kwa dola moja, na mtumiaji, hata mtoto, alinunua filamu dukani akaitia mwenyewe. Umbo la kifaa lilimfuata mteja waliyemtaka.

Mfano wa pili unahusu simu yenyewe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 Wamarekani wengi hawakumiliki simu za nyumbani mwao. Zilikuwa za kampuni ya AT&T, nao walizilipia kodi mwezi kwa mwezi. Kanuni za kampuni zilikataza mteja kuunganisha kitu chochote kisicho cha kampuni. Kulikuwa na kifaa kilichoitwa Hush-A-Phone: kikombe cha kuvisha sehemu ya kuongelea ili wa pembeni wasisikie maneno yako. Hakikuwa na waya wala umeme. AT&T ilikipiga vita, na tume ya mawasiliano ya serikali ikaunga mkono kampuni. Mwaka 1956 mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo, ikasema mteja ana haki ya kuitumia simu yake kwa namna inayomfaa yeye mradi haiwadhuru wengine. Mwaka 1968 tume ileile ilikwenda mbali zaidi katika shauri la Carterfone, kifaa cha kuunganisha redio ya mawasiliano na mtandao wa simu: ikaruhusu vifaa vya watu wengine kuunganishwa. Mlango ule ndio waliopitia watengenezaji wa mashine za kupokea ujumbe na, baadaye, modemu zilizopeleka intaneti majumbani.

Kwa miaka mingi AT&T ilikuwa imedai kwamba vifaa vya wageni vitaharibu mtandao na kuwadhuru mafundi wake. Hoja hiyo haikuwa ya kuchekesha. Umeme ni umeme. Lakini ilikuwa hoja yenye majibu, kwa mfano kuweka viwango ambavyo kila kifaa kinapaswa kuvifikia. Mtandao haukuanguka.

Turudi kwenye simu ya mkononi. Naweza kusema ilifungwa kwa kufuli tatu, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni skrubu. iPhone 4 ilipotoka mwaka 2010 ilikuwa na skrubu za kawaida za msalaba. Muda si mrefu zikaja zenye kichwa cha petali tano, ambazo bisibisi yake haikuwa mikononi mwa watu. Kufuli hili halikudumu. Bisibisi inachongwa popote, na leo inauzwa Kariakoo pamoja na kava.

Ya pili ni gundi. Hii ni ngumu zaidi, kwa sababu anayefungua anaweza kuvunja. Hapa ndipo hoja ya maji husimama, na ni hoja ya kweli: gundi huziba. Ila mwaka 2014 Samsung yenyewe iliuza Galaxy S5, iliyostahimili kuzamishwa majini nusu saa kwa kina cha mita moja, na ilikuwa na mfuniko wa nyuma unaobanduliwa kwa kucha, na betri inayotoka. Mwaka uliofuata ilikuja S6. Mfuniko ukaondoka, nafasi ya memori kadi ikaondoka, na sifa ile ya kustahimili maji nayo haikuwapo. Anayesema betri ya kutoka na kinga ya maji haviwezi kukaa nyumba moja, aonyeshwe S5.

Ya tatu ni programu, na hii ndiyo inayonitia hofu. Mwaka 2016 watu wenye iPhone 6 waliowahi kubadilishiwa kitufe cha alama ya kidole kwa mafundi wasio wa Apple waligundua kwamba baada ya kusasisha programu, simu ilionyesha maneno Error 53 kisha ikafa. Simu ilikuwa imekagua viungo vyake, ikakuta kimoja haikitambui. Apple ilisema ni ulinzi wa alama za vidole, kisha ikatoa sasisho la kuzifufua. Mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza faini ya dola za Australia milioni 9 kwa kuwaambia wateja kwamba, kwa kuwa walikwenda kwa fundi wa nje, hawana tena haki ya kutengenezewa. Kufuli hili halifunguliwi kwa bisibisi wala kwa moto.

Mwaka jana nilikaa nusu siku mezani kwa fundi mmoja Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nikisubiri kioo cha simu yangu. Meza yake haizidi upana wa mlango. Ilikuwa na darubini ya kuangalia bodi, mashine ya kupuliza hewa ya moto, sahani ya umeme ya kulainishia gundi, mswaki mkuukuu, na sanduku la vijumba ambamo kila skrubu ilikuwa na chumba chake. Alipitisha uzi mwembamba wa chuma kati ya kioo na fremu, polepole, kama mtu anayekata sabuni. Hakusoma ufundi huo darasani wala katika kitabu cha kampuni. Aliupata kwa fundi aliyemtangulia na kwa video za Wahindi na Wachina ambazo lugha zao hazijui.

“Zamani, kaka, mteja akija nilimuuliza simu ina nini,” aliniambia. “Siku hizi naanza kumuuliza simu ni ya nani.”

Nilidhani anazungumzia wizi. Wizi ulikuwamo, lakini alimaanisha zaidi ya hapo. Kuna simu iliyotumika, imetoka Dubai, bado ina akaunti ya mtu wa kwanza. Kuna simu ya mkopo, inayolipiwa kidogokidogo kila siku, na siku ukichelewa inajifunga kwa amri inayotoka mbali. Na kuna simu iliyonunuliwa kwa fedha taslimu, ina risiti, lakini ukiibadilishia kioo inapoteza baadhi ya kazi zake kwa sababu kioo kipya hakijaidhinishwa na kiwanda.

“Kufungua naweza,” alisema. “Kioo naweza, betri naweza. Simu ikikikataa kioo, mimi sina la kuiambia.”

Kijana anayejifunza kwake alikuwa amekaa pembeni, anabandika protekta na kuuza chaja. Fundi alisema yeye mwenyewe, alipokuwa na umri huo, alikuwa tayari anachomea bodi. Nilimuuliza kwa nini kijana hachomei. Alisema simu za kujifunzia zimepungua: kitochi ukikiharibu ulilipa kidogo, simu ya leo ukiiharibu unafunga meza. Katika hesabu za kufunga vifaa sijaona mahali panapoandikwa gharama hii. Ufundi ukikatika kizazi kimoja, haurudi kwa sababu sheria imebadilika.

Wanaotetea kufuli la programu wana hoja moja ambayo mkazi wa Dar es Salaam hawezi kuidharau. Simu ikiibwa kwenye daladala, isiyowaka huchinjwa ikauzwa spea. Viungo visivyokubali kufanya kazi ndani ya mwili mwingine vinamharibia mwizi soko. Nimewahi kuibiwa, nami nilifarijika kujua simu yangu haimfai aliyeichukua. Tena kuna betri bandia sokoni, na betri bandia huungua.

Lakini hoja hiyo inahitaji kufuli. Haisemi ufunguo ukae kwa nani. Nyumba yangu ina kufuli dhidi ya wezi, na fundi seremala hahitaji kibali cha kiwanda cha kufuli kunibadilishia mlango. Anahitaji ruhusa yangu. Simu inaweza kumuuliza mwenye akaunti kama anakubali kiungo kipya, akaweka neno la siri, kazi ikaisha. Vivyo hivyo kwa simu ya mkopo. Mkopo huo umemwezesha mama ntilie kumiliki simu ambayo asingeinunua kwa mkupuo, na si haki kuubeza. Anachostahili ni kwamba siku ya malipo ya mwisho kufuli litoke lote. La sivyo tutakuwa tumerudi kwa AT&T, kwenye simu ya kulipia ambayo kamwe haiwi yako.

Kuhusu kuongeza uwezo, nakubaliana kwa kiasi na wenye shaka. Mwaka 2013 Mholanzi Dave Hakkens alisambaza wazo la Phonebloks, simu ya kupachika vipande kama matofali ya watoto, na watu wengi mno walilipenda. Google ilikuwa na mradi wa aina hiyo, Project Ara, ikaufuta mwaka 2016. Kila kiungo cha kupachika kinaongeza unene, gharama na mahali pa kuharibika. Kampuni ya Fairphone ya Amsterdam imefuata njia ya unyenyekevu zaidi: simu ya kawaida ambayo viungo vyake hutoka kwa bisibisi. Hiyo inauzwa mpaka leo.

Isitoshe, sisi tulikwisha kuongeza uwezo wa simu bila mradi wowote. Tulinunua memori kadi. Kadi ya elfu chache iliifanya simu ya bei ndogo ibebe nyimbo, mahubiri na picha za harusi za ukoo mzima. Kinachoiua simu nzima siku hizi ni programu kukosa masasisho. Mwaka 2017 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Nokia za Symbian na za BlackBerry. Vitufe vilikuwa vizima, betri zinapatikana, na bado mwenye simu alikatwa na kundi la ukoo wake. Kuongeza uwezo, kwa maana inayotugusa, ni nafasi ya kadi na miaka ya masasisho.

Sheria zimeanza kusogea huko kwingine. New York ilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vifaa vya kielektroniki mwaka 2022, California mwaka 2023, na Oregon mwaka 2024 ikakataza kuzuia spea kwa programu. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unadai simu mpya ziwe na spea kwa miaka 7 na masasisho kwa miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Na kanuni yake ya betri inaweka Februari 2027 kuwa mwanzo wa wajibu wa betri zinazoweza kutolewa na mtumiaji, pamoja na masharti na misamaha yake. Kwa miaka mingi Apple ilipinga chaja moja kwa wote. Ulaya ilipoilazimisha USB-C, iPhone ya mwaka 2023 ilikuja nayo duniani kote, Kariakoo ikiwamo.

Kwa hiyo baadhi ya nafuu itatufikia bila kuiomba. Nyingine haitatufikia. Sheria ya Brussels haimlazimishi mtu kuuza spea Dar es Salaam kwa bei ya mtu wa Dar es Salaam, wala haigusi mkataba wa simu ya mkopo wa Mbagala au Kawangware, wala haimpi fundi wa Aggrey mchoro wa bodi. Mambo hayo ni ya mabunge yetu na mamlaka zetu za mawasiliano. Mamlaka hizo zinajua kutumia nguvu zake: Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, Tanzania mwaka 2016, na siku ile mwananchi aliambiwa akague simu yake kabla ya kununua. Nguvu hiyo inaweza pia kumkagua muuzaji: betri inatoka, spea zipo, masasisho ni ya miaka mingapi, kufuli litaondoka lini. Kwa sasa swali la yule fundi, simu ni ya nani, linajibiwa kiwandani, kabla simu haijapandishwa meli.